Modemu moja, kompyuta mbili: jinsi ya kugawa intaneti kwa waifai

Kuna watu bado tunazo zile modemu za USB za kuchomeka kama flashi, na kompyuta ya Windows 7 ambayo haifi wala haiuziki. Kwetu ilikuwa hivi: modemu moja ya Huawei E173, bando moja, kompyuta mbili, yangu sebuleni na ya mdogo wangu chumbani anakosomea. Kila saa "kaka naomba modemu", namchomolea, dakika kumi hazijaisha na mimi naitaka. Siku moja akaichomoa bila kuuliza, faili langu liko asilimia 94. Nikasema leo basi.

Kwanza elewa kitu kimoja, maana ndo kitakusaidia mbele. Ile modemu, Windows inaiona kama simu. Ukibonyeza konekti inapiga namba, *99#, sawasawa na dial-up za zamani za waya wa simu ya mezani zilizokuwa zinalia kama jogoo kakabwa koo. Kwa hiyo kuigawa ni kama kugawa dial-up yoyote: kompyuta yenye modemu inapiga, nyingine inapita mgongoni kwake kwa waifai. Ila modemu ikichomolewa au hiyo kompyuta ikizimwa, wote mmekosa.

Anza na kompyuta yenye modemu. Bonyeza Start, andika cmd (ni dirisha la kuandikia amri), ikitokea iklik kulia uchague Run as administrator, ukiifungua kawaida itakugomea. Andika:

netsh wlan show drivers

Tafuta mstari wa Hosted network supported, yaani kama kompyuta yako inaweza kurusha waifai yenyewe. Ukisema Yes twende. Ukisema No jaribu kuapdeti draiva ya waifai, ikigoma kanunue kale kadude kadogo ka waifai ka USB, usipoteze usiku mzima kama mimi kwenye kompyuta ya shemeji. Afu andika hizi mbili, moja moja:

netsh wlan set hostednetwork mode=allow ssid=Sebuleni key=pweza2nazi

netsh wlan start hostednetwork

Sebuleni ni jina la waifai yako, weka unalotaka, na key ndo paswedi, isipungue herufi 8. Ikijibu kwamba hosted network imestart, mdogo wako huko chumbani ataiona, ila asishangilie, intaneti bado haijaingia.

Sasa hapa ndo wengi wanapokwama. Rudi Start, andika ncpa.cpl, enter. Utaona vialama vya koneksheni zako zote: ya waifai ya kawaida, nyingine mpya yenye maneno Microsoft Virtual WiFi Miniport Adapter chini yake (mara nyingi inaitwa Wireless Network Connection 2), na ya modemu. Kama ya modemu huioni, fungua programu ya modemu, kwenye Options sehemu ya Network aina ya koneksheni iwe RAS siyo NDIS, afu konekti mara moja, itajileta. Iklik kulia hiyo ya modemu, Properties, nenda tabo ya Sharing, weka tiki kwenye kiboksi cha kwanza cha kuruhusu wengine, na pale chini kwenye kuchagua mtandao wa nyumbani chagua ile ya Virtual WiFi, siyo waifai ya kawaida wala ya waya. Kinaweza kuibuka kiujumbe kwamba yuzaneimu na paswedi hazijaseviwa kwa watumiaji wote, bonyeza OK maisha yaendelee.

Kiboksi cha pili, kile cha kupiga dial-up kila kompyuta nyingine inapotaka intaneti, toa tiki. Ukikiacha, kompyuta ya chumbani ikijisikia kuangalia apdeti saa nane usiku, modemu inaweza kujipigia yenyewe umelala.

Na hili lilinila masaa mawili: kama ulikuwa umeshakonekti wakati unaweka tiki, haifanyi kazi mpaka ukate upige tena. Windows inakwambia kabisa, ila nani anasoma vile viboksi? Mi nilikuwa naona waifai imejaa, mdogo wangu anasema haifungui kitu, nimeshairistat kompyuta yake mara tatu. Kumbe ni diskonekti, konekti, basi.

Kompyuta ya pili haina kazi kubwa. Ichague Sebuleni, iweke paswedi, itapewa anwani inayoanza na 192.168.137. Kama haipati, kacheki IP yake (ndo hiyo anwani), hasa kama ilitokea intaneti kafe, inawezekana mtu aliwahi kuiandikia kwa mkono, irudishe kwenye otomatiki. Ikikataa bado, fungua cmd huko, andika ping 192.168.137.1, ni kuibishia hodi kompyuta yenye modemu. Isipojibu, tatizo liko kwenye waifai au faiwoli. Ikijibu, jaribu ping 8.8.8.8 (seva ya Google), hii ikipita lakini kurasa hazifunguki basi ni DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, weka hiyo hiyo 8.8.8.8 kwa mkono. Na kama tiki ya Sharing inagoma kuwekwa kabisa, angalia kama uliwahi kuzima sevisi ya Windows Firewall, maana bila hiyo kugawa hakuwaki.

Ukizima kompyuta na kuwasha, ile amri ya start lazima uirudie. Iandike kwenye Notepad, isevu kama waifai.bat, uwe unaiklik kulia na kuifungua kwa admin. Ile njia ya zamani ya ad hoc, ya kompyuta kuungana moja kwa moja kwa waifai, achana nayo, simu za Android zilikuwa haziioni kabisa.

Kuhusu spidi usilaumu waifai. Waifai hata ya kizamani ni megabiti 54, modemu yenyewe mwisho wake 7.2, na hiyo ni kwenye maandishi ya boksi. Cheki taa: kijani ni 2G, hapo hata mtu mmoja ataumia, bluu ni 3G. Mi nilinunua waya wa USB wa kurefushia, nikaitundika modemu kwenye nondo za dirisha kwa kamba ya kiatu, taa ikatoka kijani ikawa bluu.

Bando sasa. Siku ya kwanza tu liliisha kabla ya saa sita mchana, nikamgombeza dogo bure, kumbe ni kompyuta yake inashusha apdeti zilizorundikana miezi. Kabla hujampa mtu paswedi, nenda kwenye kompyuta yake, Windows Update iweke iwe inauliza kwanza, na antivairasi iwe inajiapdeti ukiambiwa tu. Na bando likikaribia kuisha na unalihitaji mwenyewe, ni

netsh wlan stop hostednetwork

afu subiri sauti kutoka chumbani.