Namna ya kupanda mikoko hapa Mombasa mpaka ishike

Kila masika zinashuka gari Mikindani, Jomvu na kule Tudor, watu na tisheti mpya na mabango, wanachomeka miche kwenye tope nusu saa, wanapigwa picha wanaenda zao, na bamvua ya kwanza, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, ikija inazoa miche yote. Tangu serikali itangaze Desemba 2022 ule mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032 mambo haya yamezidi, manake kila ofisi inataka idadi ya iliyopandwa na hakuna anaeuliza iliyo hai ni mingapi. Hii naiandikia vikundi vya mtaani, vijana na kina mama ambao mnataka msitu urudi kweli.

Cha kwanza kabisa, kabla hujabeba mbegu hata moja, jua hapo mahali mikoko iliondokaje. Kama ilikatwa ya kuni na makaa, tope mara nyingi bado ni zuri na shida iko kwa watu, basi kaeni nao mwanzo, wale wanaokata ni jirani zenu mwawajua kwa majina, wana watoto wa kulisha, na ukipanda bila kuongea nao unawapandia kuni. Lakini kama mikoko ilikufa imesimama wima bila kuguswa na panga, hapo shida ni maji ama udongo. Wazee wa upande wa Mwache watakwambia mvua za El Niño za 1997 na 98, zilishusha udongo mwingi sana kutoka bara ukafukia ile mizizi ya kupumulia, miti ikafa hivyo hivyo. Pengine utakuta barabara au ukuta umeziba mkondo, maji hayaingii hayatoki, chumvi imepanda mpaka ardhi imekuwa nyeupe, na hapo hata mpande kila mwaka itakufa tu, dawa yake ni kufungua mkondo maji yarudi kutembea, na mara nyingi maji yakirudi mbegu zinakuja zenyewe na mawimbi. Ukiona miche midogo imejiotea hapo, shukuru Mungu, usipande kitu, linda tu mbuzi na watu wasipite juu yake.

Sasa namna ya kupasoma mahali. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, uone maji yakijaa yanafika wapi, halafu rudi siku za maji mafu, yale madogo ya katikati, uone yanaishia wapi. Kisha tafuta mikoko iliyo hai karibu na hapo uangalie ni aina gani imesimama usawa gani, kwa sababu Kenya tuna aina 9 na kila moja ina pahali pake. Mlilana ndo wa mbele kabisa unaotazamana na maji, nyuma yake mkoko wenyewe ule wa miguu mirefu, halafu muia na mkandaa, mchu unakaa zaidi upande wa nchi kavu japo unavumilia chumvi sana na utaukuta hata kwengine, na kule ukingoni maji yanakofika bamvua peke yake ndo kuna kikandaa, mkomafi na msikundazi. Hizi shughuli za picha huharibikia hapa hapa, wanapanda huo mkoko wa miguu mirefu kila pahali kwa vile mbegu yake ni ndefu na rahisi kuchomeka, mpaka kwenye tope tupu la mbele na juu ya nyasi za bahari, pahali ambapo mikoko haijawahi kuota. Lile tope tupu lina kazi yake, ndege wanakula pale na wavuvi wanachimba chambo pale, liacheni.

Ruhusa usiiruke. Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932 na sasa iko chini ya KFS, shirika la misitu la serikali, kwa hio andikeni barua ofisi yao, ongeeni na BMU ya hapo, ile kamati ya wavuvi ya bandari yenu, manake wavuvi ndo wanaijua mikondo, na kama kuna jumuiya ya msitu, ile CFA iliyoko kwenye sheria ya misitu ya 2016, jiungeni nayo badala ya kufungua kikundi kingine cha kushindana. Mombasa tuna kama hekta 3,771 tu kati ya 61,271 za nchi nzima, Lamu peke yake ina zaidi ya nusu, hatuna ya kuchezea.

Mbegu ya mkoko inachumwa ikiwa imekomaa, na dalili yake ni ile pete ya manjano inayotokea kati ya tunda na ile fimbo ndefu. Ukiishika ikaachia kwa wepesi iko tayari, ukiona wailazimisha iache. Chagua nzito, isiyo na matundu ya wadudu, isiyovunjika ncha. Ziweke kivulini zimefunikwa gunia bichi, na zikikaa hapo siku chache wale kaa wa topeni hawazitamani sana kama zile mbichi kabisa. Siku ya kupanda subirini maji yakupwe vizuri, ile ncha iliyochongoka iende chini na kichipukizi kiwe juu (nimeona zimepandwa kichwa chini safu nzima, msimamizi yuko kwenye simu), chomeka taratibu kama thuluthi ya urefu wake isimame wima, na kutoka mmoja hadi mwengine acha kama mita moja. Mkandaa na muia pia zachomekwa hivyo hivyo. Mchu na mlilana ni bora zianzie kitaluni, mbegu ya mchu iloweke kwenye maji ya bahari mpaka ganda livuke lenyewe, na kitalu kiwe pahali maji yanafika ili miche izoee chumvi toka utotoni. Mkihamisha toeni viriba, ile mifuko ya miche, na mrudi navyo nyumbani, creek zetu zina plastiki za kutosha.

Hapo ndo kazi inaanza. Kila bamvua ikipita mtu aende aangalie, atoe mwani na mifuko iliyojinyonga kwenye miche, atoe yale magamba meupe magumu yanayonata shinani yakaulemea mche mpaka ukainama, ainue iliyolala. Kuwe na daftari, iliyopandwa mingapi, iliyo hai mingapi, tarehe. Ikifa michache rudishieni msimu ujao, lakini ikifa zaidi ya nusu pahali pamoja msirudie, rudini kuuliza maji, na kama hamuelewi nendeni KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani muwaulize, kazi yao ndo hio. Na mfadhili akija na pesa za miche elfu kadhaa mwambieni wazi mnataka miche kidogo na posho ya walinzi miaka mitatu, akikataa basi alitaka picha. Wenzetu wa Gazi kule Kwale, Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanauza kaboni ya hekta 117, yaani wanalipwa kwa ile hewa chafu ambayo mikoko yao inainyonya na kuihifadhi, na pesa zinaleta maji na kusaidia shule, lakini zaidi ya kupanda wao wamelinda msitu uliokuwa tayari umesimama.

Na huo ulinzi una upande wa siasa, msijidanganye. Siku moja mtakuta lori limemwaga kifusi juu ya mikoko na mtu ana hatimiliki mkononi. Msipigane. Pigeni picha zenye tarehe, mkisimama pahali pale pale kila mara, muulize namba ya leseni ya huo mradi kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, andikeni barua kwa NEMA na KFS zote mbili na nakala zenu zigongwe muhuri. Kama leseni ilitolewa kweli, kuna mahakama maalum ya rufaa za mazingira na mna siku 60, msikae mkingoja mwanasiasa awaitie mkutano. Katiba ibara ya 42 yawapa haki ya mazingira safi na ya 70 yaruhusu mtu yeyote kwenda kortini hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara. Watu wa mtaa wa Owino Uhuru hapa Mombasa waliopewa sumu ya madini ya risasi (lead) na kiwanda walihangaika miaka na miaka, wakashinda, wakapinduliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia fidia yao ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hio lile daftari na zile barua zisikae kwa mwenyekiti peke yake, viongozi wa vikundi hubadilika, nakala moja ikae kwake, nyengine kwa katibu, na nyengine kwa mtu mtaani ambae hana cheo chochote na hahami.