SOMO: Jinsi ya kutumia roshani ya chumba cha meli ya kitalii bila kuhatarisha maisha

Kila msimu wa safari unapokaribia huulizwa swali lilelile: je, mtu anaweza kutupwa baharini akiwa kwenye roshani ya chumba chake? Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo naandika mara moja. Aliyesimama sakafuni kwa miguu yote miwili, mbele ya ukingo mzima, si rahisi atupwe na mawimbi. Wanaoanguka, kwa kawaida, ni waliopanda juu ya kitu, waliokalia ukingo, au walioinama kupita kiasi.

Hatua ya 1: Pima ukingo kwa mwili wako. Simama wima na uone unakufikia wapi. Uzito wa mtu mzima aliyesimama umejikita juu kidogo ya nusu ya kimo chake, karibu na kitovu. Ukingo unaopita hapo humrudisha ndani anapopepesuka, na ulio chini ya hapo humbinua. Kwa meli za abiria 250 au zaidi zinazopakia au kushusha watu Marekani, sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2010 inataka ukingo usiopungua inchi 42, yaani takribani sentimita 107. Mwenye kimo cha sentimita 165 amekingwa vizuri. Mwenye sentimita 195 asiegemee.

Hatua ya 2: Jaribu kitasa cha mlango wa roshani mpaka uweze kukifunga gizani.

Hatua ya 3: Ondoa samani ukingoni, na uziondoe tena kila siku. Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nivumilie. Nilisafiri na mpwa wangu wa miaka minne, na siku ya kwanza nilivuta viti na meza ndogo hadi ukutani, nikaridhika. Siku ya pili tuliposhuka bandarini, mhudumu wa chumba alipiga deki roshani, kisha akapanga kila kitu kama alivyozoea, meza ikigusa kioo cha ukingo. Tuliporudi jioni mtoto alitangulia kutoka nje huku mimi navua viatu. Nilipoinua macho alikuwa amesimama juu ya meza, viganja vyote viwili juu ya mbao ya ukingo, anahesabu kwa sauti mashua za uokozi zilizoning'inia chini yetu. Alikuwa amefika nne. Sikumwita, maana mtoto akishtuka hugeuka ghafla. Nilimfuata polepole nikamshika kiunoni. Meza ya sentimita 50 ilikuwa imeufanya ukingo wa sentimita 107 kuwa wa sentimita 57, na kilichokuwa kikimpita kichwa sasa kilimfikia kitovuni.

Tahadhari: usitegemee kumbukumbu ya ulivyoacha samani, zitazame kila urudipo, kabla ya mtu mwingine yeyote kutoka nje. Mweleze mhudumu siku ya kwanza, kwa heshima, kwamba viti vikae ukutani, na umkumbushe, kwa sababu ana vyumba vingi. Sanduku la nguo nalo ni ngazi. Hata ndoo iliyofunikwa ni ngazi.

Hatua ya 4: Mtoto haachwi peke yake kwenye roshani, hata kwa dakika ya kwenda msalani.

Hatua ya 5: Ukiwa umelewa, kaa ndani na ufunge mlango.

Hatua ya 6: Kilichoanguka nje ya ukingo, kofia au simu, kimekwenda. Wala usizunguke kizigeu ili kwenda roshani ya jirani. Vizigeu vingi hufunguliwa kwa ufunguo, na mhudumu ndiye wa kuulizwa.

Hatua ya 7: Ukiona mtu ameanguka, piga kelele, tupa boya au chochote kinachoelea, mnyooshee kidole na usimwondolee macho hata kidogo, mwingine ndiye apige simu ya dharura. Meli inayokwenda kilomita 37 kwa saa huwa imemwacha zaidi ya mita 600 baada ya dakika moja, na kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ni kidogo kuliko unavyodhani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kijana wa Pwani): Sijasoma yote, ila je, meli ikiyumba sana naweza kurushwa?
Jibu: Soma aya ya kwanza.

Swali (Kijana wa Pwani): Sawa mkuu, na nikikaa juu ya ukingo kwa picha moja tu, mwenzangu akinishika miguu?
Jibu: Hapana. Ukikaa pale, uzito wako wote uko juu ya ukingo, na mwenzako anashika suruali. Isitoshe, nahodha ana mamlaka ya kukushusha bandari inayofuata, na watu wameshushwa kwa picha za namna hiyo.

Swali (Mama Pili): Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili. Kwa nini wasiuinue ukingo hadi kifuani tukaacha kuogopa?
Jibu: Marahaba, Mama Pili; swali lako ni la maana. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 kuhusu mistari ya upakizi, yaani alama za ubavuni zinazoonyesha meli ipakiwe hadi wapi, unataka ukingo wa sitaha zilizo wazi usiopungua mita 1, nafasi iliyo chini ya chuma cha kwanza isizidi milimita 230, na nafasi nyingine zisizidi milimita 380. Ukizitazama tarakimu hizo utaona zinamfikiria baharia mtu mzima, kwani milimita 380 hazimzuii mtoto. Ndiyo maana roshani za vyumba huzibwa kwa kioo au kwa vyuma vya wima. Kuhusu kuuinua, abiria hulipia roshani ili aone bahari akiwa ameketi, na mwenye meli analijua hilo. Maoni yangu ni kwamba sentimita 10 zaidi zisingemnyima mtu mandhari.

Swali (Fundi Kombo): Je, hakuna mitambo ya kutambua mtu anapoanguka?
Jibu: Ipo, ndugu Fundi. Sheria ile ya 2010 iliidai kwa kadiri teknolojia inavyopatikana, na mwaka 2020 kilitolewa kiwango cha kimataifa, ISO 21195, cha kuipima. Kazi ngumu ni kutofautisha mtu na ndege, taulo au povu la wimbi, usiku na mchana, bila kumwamsha nahodha bure. Lakini piga hesabu mwenyewe: kutoka mita 30 mtu hufika majini kwa sekunde 2.5 hivi, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 87 kwa saa. Wengine hawafiki majini kabisa, huangukia mashua za uokozi au sitaha ya chini. Mtambo huharakisha utafutaji, kuanguka haukuzuii.

Swali (Bi. Salma): Naongezea: mlango wa roshani na wa ukumbini visifunguliwe pamoja. Upepo uliubamiza mlango ukambana kidole mume wangu.
Jibu: Ahsante sana dada, hilo lilinipita. Poleni.

Swali (Kijana wa Pwani): Na sigara?
Jibu: Safari hii umeuliza vizuri. Machi 2006 meli ya Star Princess iliwaka moto ulioanzia kwenye roshani, ikidhaniwa kuwa ni sigara, na abiria mmoja akafariki kwa moshi. Tangu tarehe 1 Julai 2008 kanuni za kimataifa zimebana vifaa vinavyoruhusiwa kwenye roshani. Kichungi kikitupwa nje, upepo hukirudisha sitaha za chini.

Swali (Mama Pili): Basi nguo za kuogelea tuzianike wapi, kama si ukingoni?
Jibu: Bafuni, mara nyingi kuna kamba inayovutwa kutoka ukutani. Tena kuta za vyumba vingi vya meli ni za chuma, kwa hiyo beba ndoano za sumaku tano au sita, uzibandike karibu na kiyoyozi, na asubuhi utakuta nguo zimekauka.