Goti likikataa: vile unaweza kutoka uchezaji hadi ukocha, kwa kufuata njia ya Ancelotti

Kila Jumamosi nikifika uwanja wa Camp Toyoyo pale Jericho, Nairobi, lazima nipate msee wa miaka thelathini na kitu amesimama kando ya laini, bandeji gotini, anapigia vijana kelele "shuka! shuka!" na ukimuuliza siku hizi anachezea wapi anakuambia aliachana na mpira. Hajaachana, mtu ameachana na mpira hakauki sauti Jumamosi asubuhi. Ni vile hakuna mtu alimwonyesha ataingilia wapi tena. Mimi goti la kushoto lilinikataa nikiwa na miaka 27 na kitu kilinisaidia ni kufuatilia maisha ya Carlo Ancelotti, yule kocha Mwitaliano, mwaka kwa mwaka, si huyu wa sasa wa kuinua nyusi na kutafuna chingamu, yule wa kitambo, kiungo mwenye magoti mabovu. Kwa hivyo wacha niwaelezee vile mtu anavuka, na nitamtumia yeye.

Anza ukiwa bado unacheza

Ancelotti alizaliwa 1959 Reggiolo, mashambani kaskazini mwa Italia, familia ya kufuga ng'ombe na kutengeneza jibini. Akaanza na Parma 1976, akaenda Roma 1979, akachukua ubingwa wa Serie A, ligi kuu ya Italia, msimu wa 1982-83 chini ya kocha Nils Liedholm. Lakini goti lilienda 1981 na likaenda tena 1983, hadi fainali ya klabu bingwa Ulaya ya 1984 dhidi ya Liverpool, ikichezwa Roma kwenyewe, nyumbani kwao, yeye hakucheza. Fikiria hiyo kidogo. Alafu 1987 kocha Arrigo Sacchi akamchukua Milan na magoti yake hayo hayo, na wakabeba kombe la Ulaya 1989 na 1990. Kwa ile nusu fainali ya 1989 waliyopiga Real Madrid tano bila, yeye ndiye alifungua na shuti la mbali.

Nachotaka uone ni kwamba hiyo miaka minne kwa Sacchi ilikuwa shule, na alikuwa bado anavaa njumu. Kwa hivyo kama bado unacheza, hata kama ni timu ya mtaa, nunua daftari la shule. Mazoezi yakiisha, kabla hujapanda matatu, andika tulifanya nini, kwa dakika ngapi, na kocha alisimamisha mchezo mara ngapi na alisema nini. Kama hujui kwa nini mlifanya hilo zoezi muulize kwa heshima, "kocha, leo tulikuwa tunatafuta nini?" Makocha wengi wanapenda hilo swali kuliko unavyodhani, huwa hakuna mtu anawauliza.

Zoezi la mpira mmoja

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio kitu ningependa mtu aniambie mapema. Sacchi alikuwa anachezesha Milan mazoezi bila mpira kabisa, wachezaji kumi na mmoja uwanjani, yeye anaita mpira uko wapi na wote wanahama pamoja kana kwamba uko hapo. Na alitaka kutoka beki wa mwisho hadi straika kuwe na kama mita 25 tu. Sasa wewe uko Makadara na watoto kumi na sita na mpira mmoja ambao unavuja, hilo zoezi ni kama lilitengenezewa wewe!

Fanya hivi. Chupa za soda za plastiki, jaza mchanga nusu zisipeperushwe na upepo, ndio koni zako. Pima hatua 25 kubwa, weka chupa mwanzo na mwisho. Panga mabeki wanne, viungo wanne, wawili mbele. Wewe simama upande wa pili na mpira mkononi, tembea nao polepole kuelekea winga ya kulia, na wote lazima watelezee huko pamoja, beki wa kushoto anaingia ndani anakuwa karibu na katikati, straika anarudi. Geuka ghafla nenda kushoto. Mara ya kwanza itakuwa vurugu, beki mmoja atabaki nyuma anafunga kamba ya kiatu na laini yote itakuwa imepinda kama mkia wa mbuzi. Usipige kelele. Simamisha, waambie wote "msisogee," alafu waambie waangalie wenyewe mapengo yako wapi. Watacheka, watajipanga. Dakika kumi na tano zinatosha, ukizidisha wanachoka na akili inatoka. Wiki ya tatu hivi utaona beki mdogo wa miaka kumi na mbili anavuta mwenzake fulana bila kuambiwa, anamwambia panda. Siku mimi niliona hivyo nilienda nyumbani kwa miguu hadi Buruburu nikiwa na furaha ambayo sijawahi kupata kwa kufunga goli.

Kubali kubeba koni

Ancelotti alitundika njumu 1992, na medali zote hizo, na kazi yake ya kwanza ikawa msaidizi. Miaka mitatu alikuwa chini ya Sacchi kwa timu ya taifa ya Italia, wakafika fainali ya Kombe la Dunia 1994 kule Marekani wakapoteza kwa penalti kwa Brazil. Mtu wa makombe mawili ya Ulaya alikubali kuwa nyuma ya mtu. Sasa wewe umecheza ligi ya kaunti misimu minne na unataka upewe timu moja kwa moja? Hapana ndugu yangu. Tafuta kocha anayejua kazi, mwambie utakuja mapema kupanga uwanja, utaandika majina, utawapasha moto watoto. Omba mwaka mmoja. Hutalipwa au utapewa ya nauli tu, hilo nakwambia ukweli ujipange, usiache kazi yako ya wiki.

Na uchukue karatasi. Hapa Kenya masomo yanapitia FKF, shirikisho la mpira la Kenya, na leseni ni za CAF, shirikisho la Afrika, unaanza chini na D, unaenda C, B, A, na kila moja inataka uwe umefundisha kati kati, si kuketi darasani tu. Enda kwa ofisi ya tawi la FKF la eneo lako uulize kozi inayofuata ni lini, usingoje tangazo likufikie kwa simu. Chukua pia mafunzo ya huduma ya kwanza, na cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi, kama utafanya na watoto, wazazi wana haki ya kukiona. Hata Ancelotti alirudi darasani Coverciano, ile shule ya makocha pale Florence, akaandika insha yake kuhusu kuongeza kasi na mwendo katika mpira.

Timu yake ya kwanza kama kocha mkuu ilikuwa Reggiana, Serie B (ligi ya pili), mkoa wa kwao. Walianza vibaya lakini mwisho wa msimu huo wa 1995-96 wakapanda Serie A. Kwa hivyo usidharau timu ya karibu na nyumbani, ambapo unajua mama wa kila mchezaji na unajua nani hakula jana.

Angalia vijana ulionao, si daftari

Hii ndio kiini cha yote. Akifundisha Parma Ancelotti alikuwa mgumu na 4-4-2 ya Sacchi, ile ya mabeki wanne, viungo wanne na wawili mbele. Msimu wa kwanza akamaliza wa pili, lakini Gianfranco Zola alikosa nafasi akaenda Chelsea, na 1997 Roberto Baggio alikuwa tayari kuja na Ancelotti akakataa kwa sababu Baggio alitaka kucheza nyuma ya straika na hiyo nafasi haikuwa kwa mfumo wake. Baggio akaenda Bologna akafunga magoli 22. Ancelotti mwenyewe alikuja kukubali kwamba alikosea. Alipofika Juventus akampata Zidane, akabadilisha mfumo ili Zidane awe huru. Na akifundisha Milan akamchukua Andrea Pirlo, ambaye alikuwa namba kumi, mchezeshaji wa nyuma ya straika, akamweka mbele ya mabeki, mahali ana muda na mpira, na huko Pirlo akawa Pirlo tunayemjua. Brescia walikuwa wameshamjaribu hapo, lakini Milan ndiyo iliijenga timu juu yake.

Mimi nilikuwa na kijana wa namba kumi, miguu ya dhahabu lakini hana mbio, kila mechi anakabwa na mabeki wakubwa anaanguka kwa vumbi. Nilimweka benchi mechi tatu. Mechi ya nne mamake alikuja akakaa kando na chupa ya uji, hakusema kitu, na niliona aibu. Jumanne nikamjaribu chini mbele ya beki. Akapiga pasi ya mita thelathini kwa winga ambayo ilinyamazisha uwanja mzima. Tangu hapo kabla nipange timu nauliza kila kijana, wewe mpira ukikuja unafurahia ukiwa wapi.

Kupoteza na kufutwa

Utapoteza vibaya. Mei 2000 Juventus walienda Perugia siku ya mwisho wakiongoza ligi, mvua ikanyesha hadi mechi ikasimama zaidi ya saa nzima, wakarudi wakafungwa moja, ubingwa ukaenda Lazio. 2005 Istanbul, wakati wa mapumziko Milan walikuwa juu tatu bila, wakapoteza kwa penalti kwa Liverpool. 2007 Athens walikutana tena na Liverpool hao hao wakawafunga 2-1, zote mbili za Inzaghi. Baada ya mechi mbaya usiongee sana na vijana siku hiyo, wape maji, hakikisha kila mtu ana nauli, ongea Jumanne.

Na utafutwa. Chelsea walimtoa 2011 saa chache tu baada ya mechi ya mwisho, mwaka mmoja baada ya kuwaletea ligi na Kombe la FA. Napoli walimtoa Desemba 2019 usiku ule ule ameshinda nne bila dhidi ya Genk, na kabla mwezi uishe alikuwa Everton. Kutoka hapo akarudi Real Madrid, alikokuwa amefundisha kitambo, akaongeza klabu bingwa mbili, 2022 na 2024, zikawa tano kama kocha, na 2025 akachukua timu ya taifa ya Brazil.

Mimi nilitolewa kwa ujumbe wa WhatsApp, Ijumaa saa nne usiku, kwa timu niliyokuwa nayo miaka miwili na fulana za mazoezi nilikuwa nimenunua mwenyewe. Iliniuma sana. Niliacha fulana, nikachukua chupa zangu na daftari, na Jumatatu saa kumi jioni nilikuwa uwanja mwingine na watoto kumi na mmoja wa under-13, tunapima hatua 25.