Namna ya Kuipima Simuleta Mpya ya Ndege Ukiwa Dodoma

Simuleta mpya ya ndege, yaani mchezo wa kompyuta unaoiga urushaji wa ndege, inapotangazwa, mpenzi wa mchezo huu huwa na matumaini na mashaka kwa wakati mmoja. Anatamani mawingu yaliyo kama mawingu, ndege zinazotii kanuni za hewa, na dunia nzima iliyochorwa kutokana na picha za setilaiti, ikiwamo ardhi ya Ugogo ambayo katika michezo ya zamani ilikuwa uwanda mtupu wa rangi moja. Anajua pia kwamba picha za matangazo hupigwa kwenye kompyuta za gharama kubwa zilizounganishwa na intaneti isiyosuasua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mpenzi wa Dodoma na mikoa jirani anayetaka kuamua kwa kupima badala ya kuamua kwa kusikia. Msimamo wangu ni kwamba simuleta ipimwe katika uwanja ambao mpimaji anaujua, na sisi wa kanda ya kati tuna bahati ya kuwa na uwanja wa Dodoma, ambao mwinuko wake na joto lake huibua udhaifu unaofichika kwenye viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari.

Kabla ya kulipa

Anza na hesabu ya mashine na bando. Microsoft Flight Simulator iliyotoka Agosti 18, 2020, kazi ya kampuni ya Asobo Studio ya mjini Bordeaux, Ufaransa, ilihitaji nafasi ya GB 150 kwenye diski na RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) isiyopungua GB 8. Toleo la 2024, lililotoka Novemba 19 mwaka huo, lilipunguza mahitaji ya diski hadi GB 50, lakini likapandisha RAM hadi GB 16 kama kiwango cha chini na GB 32 kama kiwango kinachopendekezwa. Tena likadai intaneti yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde kwa uchache, na 50 kwa anayetaka kuruka bila bughudha. Maana yake ni kwamba mzigo umeondolewa kwenye diski na kupelekwa kwenye mtandao, kwa kuwa ardhi na sehemu kubwa ya ndege zenyewe hupakuliwa wakati unaruka.

Kwa mtu anayenunua bando, badiliko hilo ni zito kuliko uzuri wowote wa picha. Mkondo wa megabiti 10 kwa sekunde, ukijaa kwa saa nzima, hupitisha GB 4.5, na wa megabiti 50 hupitisha GB 22.5. Ni kweli kwamba mchezo haujazi mkondo muda wote, na ardhi uliyokwisha kuipita huhifadhiwa kwa muda kwenye diski, lakini hesabu hiyo inakuonyesha dari ya gharama. Kwa mfumo wa zamani, kupakua GB 150 kwa mkondo huohuo wa megabiti 10 huchukua saa 33 na dakika 20, ingawa hata toleo la 2020 liliendelea kuvuta picha za ardhi mtandaoni wakati wa kuruka. Kwa hiyo pima kasi ya intaneti yako katika saa unazocheza, hasa kuanzia saa mbili usiku ambapo watumiaji huwa wengi, na usiridhike na kipimo cha alfajiri. Halafu fungua sehemu ya matumizi ya data katika mipangilio ya Windows, ambako utaona kila programu imekula kiasi gani.

Kuhusu umeme na vumbi nitasema kwa kifupi. UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, inayokupa hata dakika chache za kuzima kompyuta kwa utaratibu hulinda mafaili ya mchezo umeme unapokatika ghafla katikati ya upakuaji, na feni zinapaswa kusafishwa mara kwa mara wakati wa kiangazi, kwa sababu kadi ya michoro inayopata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake yenyewe na kukufanya uulaumu mchezo bure.

Usinunue siku ya kwanza. Toleo la 2024 lilipozinduliwa, seva zilizidiwa na wingi wa watu, na wachezaji wengi walikwama kwenye skrini ya kupakia au waliingia na kukuta ndege na ardhi hazijakamilika. Watengenezaji walieleza hadharani kilichotokea na wakaendelea kurekebisha, jambo ninaloliheshimu, lakini aliyelipia bando la siku ile hakurudishiwa bando lake.

Ukinunua kupitia Steam, duka la michezo la mtandaoni, kumbuka kwamba unaweza kuomba kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 tangu ununuzi, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Hapa pana mtego mmoja. Toleo la 2020 lilipakua mafaili yake mengi likiwa limekwisha kufunguliwa, kwa hiyo saa za kupakua zilihesabiwa kama saa za kucheza. Kabla ya kununua mchezo wowote mpya, tafuta kujua upakuaji wake unafanyika wapi, kisha panga majaribio yote yaliyoelezwa hapa chini yaingie katika muda huo mfupi.

Andaa kipimo cha kulinganishia

Huwezi kusema simuleta mpya ni bora bila kuwa na ya kuilinganisha nayo. FlightGear ni simuleta ya bure kabisa, imekuwa ikitengenezwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990, na huja na Cessna 172P, ndege ndogo ya injini moja inayofaa sana kwa kazi hii. Ardhi unayoirukia hupakuliwa na kubaki kwenye diski, hivyo ukisharuka mara moja kati ya Dodoma na Iringa, safari ya pili haikudai data ya ardhi. Picha zake si za kuvutia. Hata hivyo hesabu zake za urukaji ni za kuaminika kiasi cha kuwa mizani nzuri, na mwanafunzi mwenye kompyuta ya wastani pale Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kuitumia bila kukopa. Fanya majaribio yafuatayo kwanza humo, andika matokeo kwenye daftari, kisha uyarudie katika mchezo mpya.

Majaribio ya Dodoma

Tafuta uwanja kwa alama yake ya kimataifa, HTDO. Njia ya kurukia ni 09/27, yaani imelala mashariki na magharibi. Uwanja uko takriban futi 3,670 juu ya usawa wa bahari, na altimita (kipimo cha mwinuko) iliyowekwa kwenye shinikizo sahihi la hewa inapaswa kusoma karibu na namba hiyo ndege ikiwa imesimama. Ikisoma tofauti kwa mamia ya futi, ama hukuweka shinikizo sawasawa ama ardhi ya mchezo ina kasoro.

Sasa fanya jaribio la joto, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Zima hali ya hewa ya moja kwa moja, ondoa upepo, weka shinikizo la hektopaskali 1013, jaza mafuta kiasi kilekile kila mara, na uchague joto la nyuzi 8, ambalo ndilo joto la kawaida la kitaalamu kwa mwinuko huo. Ruka kutoka njia ya 09, yaani ukielekea mashariki, kwa nguvu zote za injini, nyanyua pua kasi ikifika noti 55 kwenye kipimo cha Cessna 172, na uandike mahali magurudumu yalipoachana na lami. Rudia kila kitu kwa nyuzi 31, joto ambalo mkazi yeyote wa Dodoma analijua vizuri mwezi wa Novemba. Kwa joto hilo hewa huwa nyepesi kana kwamba uwanja uko karibu futi 6,500, na injini isiyo na kisukumizi cha hewa (turbo), ambayo kwa kanuni ya makadirio hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, hubaki na upungufu wa karibu sehemu moja ya tano. Ndege inapaswa kukimbia umbali mrefu zaidi kwa namna inayoonekana wazi, na kupanda kwake baada ya hapo kunapaswa kuwa kwa uzito na uvivu. Mchezo unaokupa matokeo yaleyale katika nyuzi 8 na 31 umepamba sura ya ndege tu, na hilo ni jambo la kulisema wazi kwa wenzako wanaotaka kununua.

Katika jaribio hilohilo, zima msaada wa kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa, kwa kuwa michezo mingi humfanyia mchezaji kazi hiyo kimyakimya. Katika viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, rubani wa Cessna 172 hupunguza mafuta kidogo kabla ya kuruka ili injini ipate mzunguko wa juu kabisa. Ukiwa umesimama na breki zimeshikwa, sukuma nguvu zote, kisha vuta kidogo mpini wa mchanganyiko: mizunguko inapaswa kupanda kwanza, halafu kushuka ukizidisha. Ukishakuwa angani, bado bila upepo na katika hewa nyepesi ya namna hiyo, linganisha kasi ya kwenye kipimo na kasi ya ardhini inayoonyeshwa na GPS. Ya GPS inapaswa kuzidi kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Jaribio la hali ya hewa linahitaji uangalifu wa saa. Taarifa za hali ya hewa za viwanjani huandikwa kwa saa za kimataifa, kwa hiyo taarifa ya HTDO yenye alama 0600Z ni ya saa tatu asubuhi kwetu. Washa hali ya hewa ya moja kwa moja, soma taarifa ya saa hiyo, na ulinganishe uelekeo wa upepo na kiasi cha mawingu. Wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka upande wa mashariki, ndiyo maana kurukia njia ya 09 ni jambo la kawaida; mchezo unaokuletea upepo mkali wa magharibi siku baada ya siku mwezi wa Agosti unapaswa kutiliwa shaka.

Kisha kagua ardhi, na hapa usiwe mkali kupita kiasi. Fuata reli ya zamani kuelekea magharibi, upite Bahi na bondeni Kintinku, kisha utazame jinsi ukingo wa Bonde la Ufa unavyoinuka kuelekea Saranda na Manyoni. Umbo la ukingo huo ni kipimo kizuri, kwa sababu data hafifu ya miinuko huugeuza kuwa mteremko laini. Endelea hadi Singida uone kama maziwa ya Singidani na Kindai yapo mahali pake, na siku nyingine ruka kusini hadi bwawa la Mtera. Nyumba ni suala lingine, kwa kuwa toleo la 2020 lilitumia programu ya kampuni ya Blackshark.ai ya Austria kukisia majengo kutokana na picha za juu, na programu ya namna hiyo inaweza kuweka paa la kigeni Nkuhungu bila kujua. Angalia pia umri wa picha: je, reli ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, inaonekana? Je, Mji wa Serikali wa Mtumba umejengwa au bado ni pori? Na je, nchi imevaa kijani mwezi wa Septemba, wakati hata mibuyu haina jani?

Swali la uhai wa mchezo

Shaka moja haipimwi kwa kuruka. Mwaka 2009 Microsoft iliifunga studio iliyotengeneza toleo maarufu la Flight Simulator la 2006, na mchezo wake uliofuata, uliotoka 2012, uliachwa mwaka huohuo. Lakini toleo la 2006 liliendelea kurushwa majumbani kwa miaka mingi, kwa sababu kila lilichohitaji kilikuwa ndani ya diski. Mchezo unaotegemea seva hauna kinga hiyo. Kwa hiyo jaribu kukata intaneti ukiwa katikati ya safari na uone kinachobaki, na usinunue ndege za ziada kwa fedha nyingi kabla hujajua jibu. X-Plane 12, simuleta ya kampuni ya Laminar Research, na FlightGear huweka ardhi yao kwenye diski, na kwa mtu wa mji ambao intaneti hukatika, hiyo ni sababu ya haki ya kuzichagua hata kama picha zake ni pungufu.

Ukikuta Dodoma imechorwa vibaya

Matumaini makubwa zaidi ninayaona hapa. Barabara na majengo ya X-Plane na FlightGear hutegemea sana ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha. Jisajili, chora mtaa wako kwa kutumia picha za setilaiti zilizoruhusiwa ndani ya ramani hiyo, na usinakili kamwe kutoka ramani za Google, kwa kuwa leseni hairuhusu na kazi yako itafutwa. Kwa uwanja wenyewe, pakua programu ya bure ya WorldEditor ya Laminar, upange maegesho, jengo la abiria, alama za lami na taa, kisha uitume kazi hiyo kwenye hazina ya viwanja vya X-Plane, ambako hukaguliwa na, ikikubaliwa, husambazwa kwa watumiaji wote katika masasisho yanayofuata. Anza na HTDO, kwa kuwa unaweza kuyalinganisha unayochora na yale unayoyaona ukiwa abiria au ukisindikiza wageni. Kwa uwanja mpya wa kimataifa wa Msalato, uliosanifiwa kuwa na njia ya kurukia ya mita 3,600, tumia vipimo vinavyochapishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, wala usikadirie kwa macho kutoka barabara ya Arusha.