Unarudi kuwinda kwa upinde baada ya miaka mingi? Usianzie dukani

Kila ikifika mwezi wa saba napigiwa simu na watu wetu huku Minnesota. Mtu aliwinda kulungu kwa upinde zamani akaacha, mambo ya kazi, watoto, mgongo, sasa anataka kurudi na swali la kwanza ni ninunue upinde gani. Mi nawaambia subiri kwanza ndugu yangu, bega likoje?

Mwenyewe nilikaa miaka tisa sijagusa upinde, nikarudi nikaweka pauni 65 zile zile za ujanani, yaani uzito wa kuvuta kamba. Nyuma ya nyumba nilikuwa naziweza, nikichoka naacha. Alafu mwezi wa kumi na moja, asubuhi, baridi imeshakaza mwili, nimevaa nguo tatu, kulungu kasimama yadi 22, ili nivute ikabidi nipandishe upinde juu, mkono unatetemeka, mshale ukaingia nyuma sana, tumboni. Nikamtafuta mpaka usiku na kesho yake kutwa, sikumpata. Mpaka leo inaniuma, na ndo maana naandika hii.

Kwa hiyo pauni kwanza. Kaa kwenye kiti, nyanyua miguu yote miwili, lenga shabaha uvute moja kwa moja bila kupandisha upinde. Ukishindwa punguza, na usione aibu. Sheria ya Minnesota kwa kulungu ni kuanzia pauni 30, kuna majimbo yanataka zaidi, soma ya kwako, ila 45 mpaka 50 zinatosha kabisa kwa yadi 20. Kampaundi za siku hizi, zile pinde zenye magurudumu kwenye ncha, ukishamaliza kuvuta zinakupunguzia uzito asilimia 80 au zaidi, yaani upinde wa pauni 50 unashikilia kama 10 tu, wakati wa zamani unaopunguza asilimia 65 unakuachia pauni 17 na nusu, na kulungu akigoma kutoka kichakani dakika nzima hiyo tofauti utaisikia kwenye bega. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanavuta pinde ngumu kweli, lakini wanavuta tangu utotoni na hawajawahi kuacha miaka tisa.

Kama upinde wako wa zamani bado uko stoo usiuvute kwanza. Kamba na kebo zikikaa miaka zinachoka hata kama hazijatumika, pitisha kipande cha pamba taratibu kwenye mikono ya upinde juu na chini, ikinasa mahali ujue pana ufa. Mpelekee fundi wa pinde aangalie, aweke kamba mpya, na kama vipuri vyake havitengenezwi tena basi hapo ndo ununue mwingine. Na jamani msiachie kamba bila mshale, hata mara moja, upinde unaweza kupasuka mkononi.

Kabla ya kununua pima urefu wa kuvuta, yaani kamba unairudisha nyuma kiasi gani, tanua mikono pima kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole kwa inchi, gawanya kwa 2.5. Hiyo ni ya kuanzia tu, fundi atarekebisha. Upinde wa bei mbaya usiokutosha urefu ni hasara.

Hela iliyobaki iweke kwenye mishale. Ya kaboni ya zamani ipinde kidogo mmoja mmoja ukiwa umeizungusha, ukisikia inalia krr tupa, ikivunjika wakati wa kuachia inaingia kwenye mkono. Namba za ugumu zinachanganya watu, 500 ni laini kuliko 400, na 340 ni ngumu zaidi, ukishapunguza pauni mishale yako ya zamani inaweza kuwa migumu mno, angalia chati ya kampuni. Uzito wa mshale usishuke chini ya greni 5 (kipimo kidogo cha uzito) kwa kila pauni ya upinde, mi napenda greni 420 kwenda juu maana mshale mzito unazama vizuri na upinde unapiga kelele kidogo. Chembe, yaani vichwa vya mshale, chukua zile zisizofunguka, zenye makali kama wembe, zile za kufunguka zinakula nguvu na wewe umeshapunguza pauni.

Macho nayo yamebadilika, pini tano za saiti, kile kifaa cha kulengea, zitakuwa ukungu mtupu, chukua mbili au tatu. Na mkanda wa mwili mzima wa kupandia mtini nunua mpya, ule wa zamani usiuamini.

Alafu jizoeze na chembe zenyewe za kuwindia, umevaa koti, umekaa. Mi kila asubuhi kabla ya kazi napiga mshale mmoja tu, mwili haujapata moto, naandika umeingia wapi, na huo ndo unaonipangia yadi zangu za msimu. Mwaka jana ziliishia 25, kulungu wa yadi 30 nikamwacha apite.