Kujinusuru porini: mazoezi ya sayansi kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14

Aliyepotea porini huanza kuumizwa na hofu, baridi na kiu. Njaa huja baadaye sana. Kwa hiyo somo lisianze na mitego wala matunda ya mwituni, hata kama wanafunzi watayaulizia kwanza. Mazoezi matatu yaliyo hapa chini yanafanyika kwenye uwanja wa shule kwa siku moja ya jua, na kila moja lina kitu cha kupimwa na kuandikwa.

Kabla ya lolote, panga makundi ya watu watano. Wakiwa wanane, watatu watakaa kivulini wakipiga soga. Toa majukumu: kiongozi, mtunza muda, mwandishi, mtunza vifaa na msimamizi wa usalama, kisha yabadilishwe kila zoezi linapoisha. Tatizo linalojirudia ni mwanafunzi mmoja hodari kufanya kazi yote huku wenzake wakimtazama. Kuwahimiza washirikiane hakulitatui. Dawa ni mbili. Kwanza, kiongozi aweke mikono nyuma. Anaruhusiwa kusema tu. Pili, yagawe maelekezo ya zoezi kwenye kadi tano, kila mtu apate yake, aisome kwa sauti bila kumpa mwenzake. Hapo hakuna awezaye kumaliza kazi peke yake, na asiyesikiliza anaonekana mapema.

Zoezi la joto

Kila kundi linahitaji chupa tatu za plastiki za nusu lita, mfuko wa salfeti, majani makavu, kitambaa cha pamba na kipimajoto cha spiriti (cha zebaki kikivunjika ni sumu). Mwalimu achanganye kwenye ndoo maji yaliyochemka na ya bomba, nusu kwa nusu, hadi yafike karibu na nyuzijoto 60. Usimimine maji yanayochemka moja kwa moja kwenye chupa: itanywea na kupinda.

Chupa ya kwanza iachwe wazi. Ya pili izungukwe na majani makavu ndani ya mfuko, unene wa shubiri moja kila upande. Ya tatu ivingirishwe kitambaa kilicholoweshwa maji na kuwekwa penye upepo. Wasome joto kila baada ya dakika 5 kwa nusu saa, kisha wachore grafu.

Ya kitambaa kibichi hupoa haraka kuliko zote, kwa sababu maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Ya majani hupoa polepole, kwa kuwa hewa iliyotulia kati ya majani haipitishi joto kirahisi. Matokeo yakija kinyume, kagua mambo mawili: majani yameshindiliwa mpaka hewa ikatoka, au kipimajoto kimetolewa ndani ya maji kabla ya kusomwa. Kundi lenye kipimajoto kimoja lipishanishe chupa kwa dakika moja moja, na kila chupa iwe na saa yake ya kuanzia.

Grafu ikishachorwa, uliza: aliyelowa mvua afanye nini kabla ya kulala? Watajibu wenyewe kwamba avue au akamue nguo, ajaze majani makavu kati ya nguo na mwili, na alalie tandiko nene la majani. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, na jambo hilo husahaulika hata na watu wazima wanaohangaikia paa tu.

Zoezi la maji

Ili kutengeneza chujio la maji machafu, kata kitako cha chupa ya lita moja na nusu, igeuze mdomo chini. Kuanzia mdomoni weka kitambaa, sentimita 4 za mkaa uliopondwa, 6 za mchanga laini, 4 za mchanga mkubwa na 3 za kokoto. Mchanga na kokoto vioshwe kwanza mpaka maji ya kuoshea yawe safi. Makundi mengi huruka hatua hii, kisha hushangaa maji kutoka machafu kuliko yalivyoingia. Glasi ya kwanza huwa nyeusi kwa vumbi la mkaa: imwagwe. Maji yakitiririka badala ya kudondoka, yamejichimbia njia pembeni, na tabaka zipangwe upya.

Maji yaliyotoka meupe bado yana vijidudu. Hakuna anayeyanywa. Yachemshwe kwa dakika 1 kamili tangu yaanze kutokota. Juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama Nyahururu nchini Kenya, iwe dakika 3, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya kufika nyuzijoto 95. Pasipo moto, jaza chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2 na uilaze juani saa 6. Mawingu yakitanda, siku 2. Kwanza isimamishe juu ya gazeti na uchungulie kutoka mdomoni. Kichwa cha habari kisiposomeka, maji yana tope mno kwa njia hii.

Zoezi la kivuli

Zoezi hili ni la kutafuta kaskazini kwa kivuli cha fimbo. Hapa vitabu vya kigeni hupotosha, maana vingi husema jua la mchana liko kusini. Morogoro, mwezi Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini, na mapema Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba hupita utosini.

Simika fimbo ya mita 1 penye tambarare, uihakikishe kwa uzi wenye jiwe kwamba haijainama. Weka kokoto penye ncha ya kivuli, subiri dakika 20, weka ya pili. Ya kwanza ni magharibi. Simama nayo ikiwa kushoto na ya pili kulia, utakuwa unatazama kaskazini. Lifanyeni kati ya saa tano na saa saba. Saa tatu asubuhi, hasa Juni na Desemba, mstari kati ya kokoto hizo mbili huweza kupinda nyuzi 15 hivi, na watoto watadhani wamekosea wao.

Kwa usahihi zaidi, saa nne asubuhi chora duara kwa kamba iliyofungwa kwenye shina la fimbo, urefu wake sawa na kivuli. Ncha itaingia ndani ya duara, kisha itaugusa mzingo tena alasiri, karibu na saa tisa. Mstari kati ya alama hizo mbili ni magharibi–mashariki mwaka mzima. Linganisha na dira ya simu, ikiwa mbali na nguzo za chuma.

Usalama na alama

Mkiondoka uwanjani, hesabu watoto kila kituo, na kila mmoja awe na filimbi ya kuitia msaada: milio mitatu, kimya, mitatu tena. Kanuni ya aliyepotea ni kubaki pale pale. Mnyaa usikatwe wala usichezewe, maana utomvu wake huunguza macho. Aliyeumwa na nyoka atulizwe asitembee, asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba, apelekwe hospitali.

Katika kutoa alama, nusu itoke kwenye vipimo na grafu. Nusu nyingine, chagua mwanafunzi yeyote kundini aeleze kazi ya kadi ambayo haikuwa yake.