Kizibo cha muda: namna ya kulifikisha jino salama kwenye miadi

Mgonjwa akishuka kwenye kiti na jino lililozibwa kwa muda, swali lake la kwanza huwa, "Daktari, sasa naweza kula?" Swali zuri. Ila kuna jingine ninalotamani aanze nalo: "Umeniziba kwa dawa gani, na mwisho wake lini?" Mimi ni tabibu wa meno katika kituo cha afya huku Muheza, na meno mengi ninayolazimika kuyang'oa ni yale ambayo matibabu yalishaanza, yakapewa kizibo cha muda, kisha mwenyewe hakurudi.

Kazi kubwa ya kizibo hicho ni kuzuia mate. Tukishatoa kiini kilichooza na kuosha mizizi, ndani ya jino panakuwa pasafi, na mate yakipenya yanarudisha bakteria walewale tuliowatoa. Shida ni kwamba mshipa wa fahamu wa jino hilo haupo tena, kwa hiyo mate yanaweza kupenya muda mrefu bila wewe kusikia chochote, mpaka usaha ufike kwenye mfupa. Mtu anasema "jino limetulia", anasubiri kwanza msimu wa machungwa uishe ndipo arudi. Namwelewa, nauli na muda ni vitu vizito. Lakini kutulia kwa maumivu si dalili ya kupona, naomba hilo lishike kuliko yote nitakayosema hapa.

Sasa ujue umezibwa na nini.

Ukiona daktari amechota dawa laini kama udongo wa kufinyanga, haikuchanganywa na kitu, akaishindilia moja kwa moja kwenye tundu, basi huenda ni Cavit au jamaa zake. Ndani yake kuna zinki oksidi na salfeti ya kalsiamu, na hukazwa na unyevu, hata huo wa mate yako. Ikinywa unyevu huvimba kidogo na kujibana kwenye kuta za jino, ndiyo maana huziba vizuri kwa muda mfupi. Maabara hupima hivi: meno yaliyokwisha kung'olewa huzibwa, hutumbukizwa kwa zamu kwenye maji ya nyuzi 5 na nyuzi 55, huachwa kwenye rangi ya bluu ya methileni, kisha hupasuliwa kwa urefu. Unaona kwa macho michirizi ya bluu imeteremka umbali gani kati ya dawa na jino. Katika majaribio mengi ya namna hiyo, Cavit huizidi IRM, nitakayoieleza sasa hivi. Ila inahitaji unene wa milimita 3.5 hadi 4, pungufu ya hapo haiaminiki. Tena ni laini, hulika kila unapotafuna. Mimi siipi zaidi ya wiki mbili, tatu ikizidi sana. Na gego ambalo ukuta wake wa pembeni umebomoka siliachii dawa hii peke yake: upande uliobomoka hauna cha kuishikilia, na kule kuvimba kunaweza kutia ufa ukuta mwembamba uliobaki.

Ukisikia harufu ya karafuu mdomo mzima, hiyo ni dawa ya unga na majimaji, mara nyingi IRM. Majimaji yake ni yujenoli, kitu kilekile kinachoyapa mafuta ya karafuu za Pemba harufu na makali yake. Unga ni zinki oksidi iliyoongezewa plastiki ili iwe imara. Huhimili kutafuna kwa miezi, lakini kingo zake huvuja zaidi, ingawa yujenoli huwapunguza nguvu bakteria wanaojaribu kupita. Jambo moja la kumkumbusha daktari atakayemalizia: mabaki ya yujenoli huzuia kompoziti, ile dawa nyeupe inayokaushwa kwa taa, isikaze vizuri. Mwambie ulizibwa na dawa ya karafuu, atajua namna ya kupasafisha.

Ya tatu ni glasi-ionoma, na hii ndiyo ninayoipenda. Alan Wilson na Brian Kent walitoa habari zake London mwaka 1972. Zile dawa mbili za kwanza hujibana tu kwenye tundu. Hii hushikamana na jino lenyewe kikemia, na hutoa floraidi. Sisi Watanzania tuna sehemu yetu katika historia yake. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa shule ya udaktari wa meno Dar es Salaam walianza kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine ya kutoboa, kisha kuziba. Mwanzoni walitumia saruji nyingine, ya polikaboksileti. Baadaye glasi-ionoma ikachukua nafasi. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, na mwaka 2021 glasi-ionoma iliingia kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mgonjwa anayeteremka kutoka milima ya Amani, ambaye najua mvua za masika zikimkuta hatarudi upesi, namwekea tabaka mbili: chini dawa laini inayojibana, juu glasi-ionoma ya kubeba kutafuna. Ukiwa unaishi mbali, sema mapema, kabla hatujachagua.

Neno kwa wenzangu tunaoshika vifaa. Kipande cha pamba chini ya kizibo kiwe kidogo na kikae chini kabisa. Unyuzi mmoja tu ukibaki umelala ukingoni, mate huufuata kama utambi mpaka ndani. Nimefungua meno nikakuta dawa nzima haijaguswa, lakini pamba chini yake imelowa na inanuka. Pima kina kwa kifaa kabla ya kuziba, usikadirie kwa macho.

Ukifika nyumbani, kaa saa moja au mbili bila kutafuna upande huo, na hata baadaye tafunia upande wa pili. Miwa, mahindi ya kuchoma, kashata, ubani wa kutafuna, viache mpaka ukamilishe matibabu. Piga mswaki kama kawaida. Watu wengi huliruka jino lililozibwa kwa kuogopa kulitonesha, na uchafu ukirundikana pale fizi huvimba bure. Uzi wa kusafishia meno uvutie pembeni, usiuinue juu, utang'oa kizibo. Kijiti cha kuchokolea kiweke mbali. Na ukifunga mdomo ukahisi jino hilo linatangulia kugusa kabla ya mengine, rudi lipunguzwe, maana kugongwa kila saa kunaweza kulipasua.

Chunguza kwa kioo kila baada ya siku chache. Dawa kuzama kidogo katikati ni kawaida. Ufa kwenye ukingo, ladha ya chumvi au harufu mbaya isiyoisha baada ya mswaki ni dalili kwamba mate yameshapita. Usingoje tarehe, piga simu kituoni.

Kikitoka chote, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, usitafunie hapo, na urudi ndani ya siku moja au mbili. Usiweke gundi. Usiweke aspirini iliyosagwa, huunguza ufizi ukawa mweupe na kuchubuka. Mafuta ya karafuu matupu nayo huunguza. Kama linauma, meza paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Lakini shavu au chini ya taya kukivimba, ukapata homa, mdomo ukagoma kufunguka au kumeza kukawa shida, hilo si la kungoja kituo kifunguliwe. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, kwa sababu uvimbe wa chini ya taya unaweza kuziba njia ya hewa.

Kabla hujaondoka kwetu, hakikisha kwenye kadi pameandikwa mambo matatu: jino gani, dawa gani, na tarehe ya mwisho ya kizibo. Ipige picha kwa simu. Ukihamia Tanga mjini au Dar kabla ya kumaliza, daktari wa huko ataendelea pale tulipoishia, hataanza kubahatisha.